Kopo la Wiki ya Nane

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama hajambo? Wateja wa kunyoa bado wanakusumbua? Mimi mzima, maabara tu inatutoa jasho.

Baba, sindano zako za vidonda vya utumbo mpana zimetimiza wiki nane. Peleka kopo la choo kliniki, watalituma kwetu. Tunapima protini inayotoka kwenye utumbo wenye uvimbe. Mwanzo yako ilisoma 1,900. Ikishuka sana, dawa inakufaa. Isiposhuka, daktari ataibadilisha mapema, usije ukachomwa mwaka mzima bure. Usione haya, hapa tunapokea makopo sitini kwa siku.

Binti yako


12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, mama yako anakusalimu. Kopo nimelipeleka jana. Kumbe nilikusomesha ili uje upime choo changu. Haya. Dawa inafanya kazi, wala usiwe na wasiwasi.

Baba


20 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko salama.

Kopo limesoma 30. Wenzangu wamenipongeza, mimi sikuamini. Mama aliniambia kwenye simu kwamba Jumamosi ulimwacha mteja mmoja kitini mara tatu ukakimbilia chooni. Thelathini ni ya mtu asiyeumwa kabisa. Majibu bado sijampa daktari.

Baba, kile ni choo cha nani?

Binti yako


29 Machi

Mwanangu,

Hatujambo, ila nina aibu.

Ni cha mama yako. Nilimbembeleza siku mbili. Nilidhani namba ikiwa kubwa watanikata utumbo na kunivisha mfuko wa choo tumboni. Niliogopa, mwanangu.

Leo nimepeleka changu. Dada wa mapokezi kauliza ni cha nani, nikasema changu, foleni nzima ikageuka.

Baba


7 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mwambie mama utumbo wake ni wa kigori.

Chako kimesoma 2,100. Sindano zile hazikufai, na Jumatatu daktari anakuanzishia dawa nyingine. Upasuaji hakuna aliyeutaja. Daktari angepokea ile thelathini angekuacha na sindano hizo hizo, utumbo ukizidi kuvimba, na hapo kweli ungeishia kwenye kisu.

Nilipoandika 2,100 moyo ulinipasuka. Kisha nikafurahi. Ni namba mbaya, baba, lakini ni yako, na tunajua la kuifanya.

Mwanao