Piki Yenye Rejeta

Jumatatu, 3 Machi
Imechemka tena. Kilima cha Karambi, palepale. Vijana wa boda wakapita wakinicheka. Wacheke. Piki zao zinapozwa na upepo tu, kama uji. Yangu ni nzee lakini ina rejeta ya maji, kama gari. Bwera nzima niko peke yangu.

Nasema yangu, lakini bado. Ni ya mjomba, afande wa kambi ya Kasese. Amesema Jumapili niifikishe kwake bila kuchemka, iwe yangu. Ikichemka, inauzwa kama vyuma chakavu kule Hima.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwaga maji yote. Kutu tupu. Nimetia mapya. Feni inazunguka, hakuna panapovuja. Mafundi waje wajifunze kwangu.

Mchana nikasinzia kando yake. Nikaota inaogelea ziwani Kasenyi katikati ya viboko, taa inawaka chini ya maji. Nilikaa juu. Sikulowa.

Alhamisi, 6 Machi
Imechemka. Nikalala kwenye majani kungoja ipoe. Ukungu ukashuka kutoka milimani, mvuke wa piki ukapanda, vikakutana. Sikujua tena upi ni upi.

Naogopa. Neno hilo sijawahi kuliandika.

Ijumaa, 7 Machi
Dada Masika ameniletea maji kwenye jerikani. Akaizunguka piki, akacheka mpaka akakaa chini.

"Bwambale, hii kibao iko mbele ya rejeta kwa nini?"

"Watu wasome, dada."

"Na upepo isome kwanza, ndiyo ipite?"

Bati zima, rangi nyekundu: MFALME WA BWERA. Huku kila kijana wa boda anaweka kibao mbele. Lakini piki zao hazipumulii hapo. Nimekasirika. Sikukitoa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekitoa. Kimeuma kama jino. Piki imebaki kama mtu aliyenyolewa kwa nguvu.

Kwenye steji ya boda, vijana: "Eh, mufalme! Ufalme iko wapi?"

Sikujibu. Mimi! Sikujibu.

Jumapili, 9 Machi
Nimepita Kikorongo, mbugani, polepole. Swala wakainua vichwa, wakarudi kula. Mshale wa kipimo cha joto ulilala katikati. Upepo uliingia kwenye rejeta, ukatokea ndani ya shati langu. Njia nzima hakuna aliyejua jina langu. Ilikuwa tamu.

Kambini mjomba akainama, akasogeza kiganja karibu na rejeta, akasikiliza. Hakuna kilichotokota. Akaingia nyumbani, akatoka na helmeti yake.

"Vaa."

Ni kubwa, inanifika kwenye nyusi. Ndani inanukia nywele za mjomba.