Kengele za Baba Ndani ya Basi la Nuoro

Jumatatu, 13 Januari

Basi la asubuhi limechelewa tena. Nimesimama kituoni na jirani yetu, Mama Gavina, baridi ikitutafuna miguu. Yeye anafuata dawa za presha Nuoro, mimi nakwenda hospitalini kwa Baba.

Baba amekwisha! Mifupa mitupu. Daktari amenivuta pembeni: wiki hii ni ngumu, dada, jiandaeni. Nimelia chooni, nikanawa uso, nikarudi.

Baba ameuliza kama moto wa sikukuu ya Mtakatifu Antoni kijijini ni mtondo. Nikamwambia ndiyo, Alhamisi. Halafu akasema anataka kuzisikia kengele zake, mara moja tu. Ujana mpaka uzee amezunguka nazo moto ule, zimefungwa mgongoni juu ya ngozi za kondoo, kinyago cheusi usoni, watu wakimpisha. Hajaomba kingine. Hata padri hajamtaja.

Jumanne, 14 Januari

Nimemwomba kaka yangu Gonario azivae, aende akazilize mbele ya Baba. Amecheka kwanza, kisha amewaka. Kengele zile ni za kuzunguka moto, si za kuchezea wagonjwa! Basi nitazipeleka mimi, nikasema. Wewe? Mwanamke? Zipande basi kama gunia la vitunguu?

Ametoka bila kumaliza kahawa. Anaogopa kumwona Baba kitandani, huyo. Najua, na bado leo nimemchukia.

Jumatano, 15 Januari

Naandika mlangoni mwa wodi.

Alfajiri nilizishusha ukutani. Nzito! Na ukizigusa tu zinapiga kelele, na dereva wetu Serafino hapendi kelele. Nikazijaza sufu, moja moja, mpaka zikanyamaza. Sikufikiri! Kwetu kengele hujazwa sufu siku mwenyewe anapokufa.

Nilipopanda tu, wanaume wakavua kofia. Serafino akazima redio. Pole, Bonaria. Pole sana. Mama Gavina, aliyekuwa anarudia dawa alizozikosa juzi, akajifunika shela na kuanza mbolezi palepale — Bachisio mwenye mabega mapana, nani atatutangulia kuzunguka moto — na wanawake wakaitikia. Wakimlilia baba yangu! Tulikuwa tumeshapita kona kadhaa ndipo nikapiga ukelele: yu hai!

Wanaume wakarudisha kofia kichwani.

"Sasa mbona umezijaza sufu?" Mama Gavina akaniuliza. "Bonaria mwanangu, umemchuria baba yako!"

Nilihisi nimemuua kwa mikono yangu.

Serafino akasimamisha basi katikati ya mlima. "Toeni hiyo sufu, yote! Siendi popote na uchuro humu ndani." Kila abiria akashika kengele, wakachokoa kwa vidole, kwa funguo, kwa kijiti cha kufumia. Hakuna aliyetania. Tukaingia Nuoro zikilia kila kona, na watu wazima wakitazama chini.

Simu ya Gonario. Kijijini wameshapigiwa simu kutoka basini kuwa Baba amekufa, na yeye analia kama mtoto. Hajafa, nikamwambia. Panda basi la mchana, uje. Akaendelea kulia, simu hakuikata.

Sasa muuguzi amenizuia, kwa upole. Kuna wengine wamelala. Amekwenda kumwuliza daktari. Lakini kengele hizi hazilii sawasawa mpaka ziwe mgongoni mwa mtu. Mama Gavina, aliyenisindikiza mpaka hapa, amenifunga mikanda hapahapa kwenye korido, goti lake kiunoni mwangu: toa pumzi, toa! Hakuna mwanamke wa kwetu aliyewahi kuzivaa. Yeye mwenyewe alifanya ishara ya msalaba kwanza, kisha akakaza.

Siwezi kuketi. Daftari liko kwenye kizingiti cha dirisha, naandika nimesimama. Nikivuta pumzi kwa nguvu, zinalia kidogo.

Muuguzi bado.

Ndani, mtu anagonga chuma cha kitanda. Polepole, kwa mdundo wa hatua za kuzunguka moto. Ni Baba.

Nimevuta pumzi tena, kwa nguvu, zilie.