Memori Kutoka Migori

Atieno, nyakwara, mjukuu wangu,

Huku Homa Bay tu wazima, na mama yako anaanika omena, dagaa wa ziwani. Umeuliza kwa nini nakataa kompyuta yangu kuukuu itupwe.

Miaka ya tisini nilichapa nyimbo za parokia hadi kompyuta ikashindwa kuzifungua. Babu yako, fundi, akang'oa vipande vya memori kwenye kompyuta iliyokufa Migori, akaniletea. Tukavua viatu mlangoni, ilivyokuwa sheria ya vyumba vya kompyuta. Akavipachika, akawasha, nayo kompyuta ikaanza kuhesabu memori yake. Namba za memori zikapanda kwenye kioo, zikafika zilipozoea kukomea, zikapita. Babu yako akavua na kofia.

“Kumbe ile ya Migori haikufa yote,” akasema polepole.

Tangu tulipomzika babu yako, huiwasha nikazitazama namba zile zikipita. Ukija, vua viatu.

Bibi yako, Dani