Mwezi Niliosema Nimeuona

Jumamosi, 23 Agosti 2025

Makopa ya muhogo yamekauka upande mmoja. Nimeyageuza mara mbili. Dawa ya macho asubuhi na jioni, haisaidii kitu. Baada ya alasiri wakaja akina mama wa kikundi, sita wote, Mama Salima mbele kama kawaida yake. Mwezi ulikuwa na siku ishirini na tisa. Tukasimama nyuma ya nyumba yangu, pale mihogo ilipong'olewa, tukatazama jua linakozama.

Nimetazama mpaka machozi yakanitoka. Wote wako nyuma yangu. Wanangoja niseme mimi, kama watu walivyokuwa wakimngoja marehemu baba uwanjani hapahapa. Nikanyoosha kidole. Nikasema, ule pale, juu ya mkorosho wa mwisho. Mama Salima akasema anauona. Bi Tatu naye akauona. Wakamshukuru Mungu, wakaenda zao kupika.

Basi mwezi umeandama. Kesho mosi. Nimeandika kwenye daftari la mwezi alilotuachia baba: Umeonekana. Ameona: Mwalimu Zainabu.

Jumapili, 24 Agosti

Sikuuona.

Naandika humu kwa sababu humu hasomi mtu. Sikuona mwezi, sikuona mkorosho wenyewe. Nimeona ukungu mweupe, ule ule ninaouona kila siku tangu Mfungo wa Ramadhani. Mwezi wa sita daktari wa mjini alinimulika akasema mtoto wa jicho, yote mawili, nipasuliwe. Karatasi yake iko chini ya godoro. Hajui mtu. Hata haya naandika kwa kalamu nene, daftari puani, herufi kubwa kama za darasa la kwanza.

Msikitini wanasema jana haukuonekana kokote, wameuona leo. Mosi yao kesho. Mama Salima kapita kuniambia, anacheka. Ati hao hawana macho.

Kwa nini nilisema? Kiburi. Nimefundisha miaka thelathini na minne, na nilipostaafu hakuna aliyenihitaji kwa lolote ila hili la mwezi. Nikasema nisipouona leo, kesho watamfuata mwingine. Ndiyo hivyo tu, hakuna sababu nyingine ya maana.

Alhamisi, 28 Agosti

Somoe kaja na kuku wa kuonyesha, ndiye atakayechinjwa. Jogoo mwekundu, mkorofi, kanidonoa mguu.

Somoe na mimi tulichezwa unyago pamoja. Mwanawe Hamisi alikuwa ng'ambo ya Ruvuma, miezi saba haipatikani simu yake, tukawa tunaogopa hata kumtaja mbele ya mama yake. Karudi wiki tatu zilizopita. Amekonda, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Somoe alikuwa ameweka nadhiri: akirudi mzima, mwezi wa kwanza utakaoandama atafunga siku nyeupe, tarehe kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano, mwezi unapokuwa mpevu. Siku ya mwisho atatulisha futari ya shukrani.

Ana vidonda vya tumbo. Zahanati wamemkataza kukaa na njaa. Nikamkumbusha. Akasema, "Nitafunga hata nikitambaa, Zainabu. Siku tatu tu, ila ziwe zenyewe." Akaniuliza zinaangukia lini.

Nikamwambia Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Kwa mdomo wangu huu.

Jumatatu, 1 Septemba

Bombani Mama Salima kagombana na mke wa muadhini. Ndoo zimemwagika. Yule anasema tarehe yetu imetangulia siku moja. Mama Salima anamjibu kwamba wao wanangoja kuambiwa na redio, sisi tunaye Mwalimu. Anasimulia kila nyumba, anaona kashinda.

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Nikachota maji yangu nikaondoka.

Jumatano, 3 Septemba

Redioni: Jumapili jioni mwezi utapatwa. Wote, si kipande. Utaanza kuliwa saa moja na nusu, na saa mbili na nusu utakuwa mwekundu mzima.

Nimekaa kitandani nikahesabu kwa vidole. Nikahesabu tena. Jua likizama tarehe inageuka, kwa hiyo Jumapili jioni kwa hesabu yangu ni usiku wa kumi na sita. Na mwezi haupatwi usiku wa kumi na sita. Baba alisema ni wa kumi na nne au wa kumi na tano, basi. Kwa hesabu ya msikitini ni wa kumi na tano hasa.

Kanuni hiyo wanaijua wote. Nimewafundisha mimi, uwanjani kwangu, nikawaimbisha kama watoto wa shule. Mimi na domo langu.

Naogopa. Nimefikia umri huu naogopa watu sita.

Alhamisi, 4 Septemba

Leo ndiyo siku ya kusema. Kesho si kumi na tatu, ni kumi na mbili. Somoe akianza kufunga kesho atakuwa anajitesa bure, na Jumatatu ambayo ndiyo kumi na tano yenyewe atakuwa anakula. Nadhiri yake itakuwa na tundu. Nimeyapanga maneno tangu alfajiri.

Nimekwenda. Nimemkuta anachagua mchele kwenye ungo, anaimba. Hamisi anapigilia misumari mlango uliooza tangu alipoondoka. Somoe akaniletea muhogo wa nazi. Akasema tangu mwana arudi amelala usingizi wa kwanza. Akasema, "Bila wewe ningezijuaje hizo siku."

Nikala muhogo. Nikarudi nyumbani.

Sasa hivi msikitini wanasoma Maulidi. Kwao leo ndio usiku wa kumi na mbili. Wako sawa. Nimefunga dirisha.

Ijumaa, 5 Septemba

Tumefunga. Saa nane Hamisi kaja kuniita mbio. Nimemkuta Somoe amejikunja kwenye mkeka, katapika nyongo. Nimemshika kichwa. Midomo imekauka, mikono ya baridi. Hamisi amesimama na kikombe cha maji, ananitazama mimi.

Ningesema neno moja angekunywa. Leo si siku yako, kunywa. Basi. Neno lilikuwa mdomoni nikalimeza. Nikasema pole, mwenzangu, jua linakaribia kuzama. Saa nane mchana jua linakaribia wapi?

Sijipendi leo.

Jumamosi, 6 Septemba

Ndiyo kumi na tatu ya kweli. Somoe kafunga tena. Hajatapika, ila haongei.

Hamisi kaja peke yake. Kijana mkubwa yule, ananililia. Anasema alivuka mto kurudi kwa mama yake, hakuvuka aje amzike. Mwambie aache, Mwalimu, wewe atakusikia. Nikamjibu nadhiri ni nadhiri, kwa sauti ile ya darasani. Akaondoka bila kuaga.

Nimemgombeza kuku. Nimemgombeza mbuzi wa jirani. Uji umeungua.

Jumapili, 7 Septemba

Naandika alfajiri ya Jumatatu lakini ni habari za jana, acha zikae chini ya tarehe yake.

Tulikusanyika uwanjani kwa Somoe kabla ya magharibi. Majamvi mawili, wali wa nazi, yule jogoo mkorofi, tambi, chai ya tangawizi. Somoe kakaa katikati, khanga mpya, amepauka, anatabasamu. Alipotia tende mdomoni wanawake wakapiga vigelegele. Nadhiri imetimia, wakasema.

Mama Salima alikuwa amemfungia mkwewe ndani, ana mimba ya miezi sita. Ati mwezi ukipatwa asitoke, asishike kisu. Siku nyingine ningemsema. Jana sikuwa na ulimi wa kumsemea mtu.

Saa moja na nusu watoto wa jirani wakaanza kupiga madebe, wanaudai mwezi. Wenzangu wakainuka. Mimi nikatazama kwa sababu wote wanatazama. Kwangu ilikuwa taa nyuma ya pazia. Nikawa nasikia tu. Umeng'atwa chini. Umebaki nusu. Umebaki kama ukucha. Kisha Bi Tatu akasema umekuwa mwekundu kama chungu, na madebe yenyewe yakanyamaza.

Ndipo Mama Salima akaanza kuhesabu. Nilimsikia, anahesabu kwa sauti. Akafika kumi na sita. Akarudia. Akafika kumi na sita.

Akasema, "Mwalimu, si ulitufundisha haupatwi leo?"

Na kabla sijafungua mdomo Bi Tatu akanijibia. Akasema labda mwezi wenyewe umechelewa. Wengine wakaafiki. Ndiyo, umechelewa, dunia imeharibika siku hizi, hata mvua hazijui miezi yake.

Walikuwa tayari kuukosoa mwezi wa Mungu ulioko juu, wakaniacha mimi. Hilo ndilo lililonishinda. Ningetukanwa ningevumilia.

Msikitini wakaita swala ya kupatwa kwa mwezi. Tukasimama palepale uwanjani, tukafuata kipaza sauti. Rakaa mbili, kila rakaa rukuu mbili, visomo virefu. Kwenye sijda ya mwisho nililia, nikaomba toba, na nikajua toba ya kunong'ona chini haitoshi. Niliokuwa nimewakosea walikuwa wamesujudu kulia kwangu na kushoto kwangu.

Tulipotoa salamu sikungoja. Nikasema nimekaa hivyohivyo. Nikasema siku ile sikuuona mwezi. Sioni. Nina mtoto wa jicho, yote mawili, nimewaficha. Hesabu imetangulia siku moja. Kumi na tano ni kesho. Ijumaa haikuwa siku nyeupe.

Kisha Mama Salima, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Mie nami sikuuona. Nilisema kwa kuwa wewe umesema." Bi Tatu akasema hata yeye. Wakafuata mmoja mmoja. Sita wote. Hakuna aliyeuona. Kuna aliyetaka kucheka, akaona Somoe hacheki, akaacha.

Somoe akanigeukia. Akasema, "Ijumaa nilitapika nyongo, Zainabu. Ukanishika kichwa."

Nikasema ndiyo.

"Ulikuwa unajua."

Nikasema nilikuwa najua.

Somoe akamwita Hamisi. Hamisi alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akamwambia wali uliobaki aufunike vizuri, ndio daku yake. Kesho anafunga.

Mwezi ulikuwa bado mwekundu, walisema. Nimerudi nyumbani nikipapasa ukuta, hakunisindikiza mtu, na sikustahili kusindikizwa.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimefunga. Saa mbili asubuhi nilikuwa kwa Somoe. Nimefagia uwanja, nimeosha masufuria ya jana, nimeteka maji. Hamisi hakuniamkia. Nimekaa kizingitini kutwa nzima. Somoe kalala amenipa mgongo.

Saa tisa maumivu yakamjia. Safari hii nilisema. Nikamwambia, una ugonjwa, dini inakuruhusu kufungua, utailipa ukipata nafuu, hata mimi nitakuwa nawe siku hiyo. Akatikisa kichwa. Nikasema basi nitakaa. Nikakaa. Nimemkanda mgongo kwa kitambaa cha maji na hakunizuia.

Magharibi ikaadhiniwa. Akafuturu uji. Akanywa nusu kikombe, akanisogezea kilichobaki bila kunitazama. Nikanywa.

Nimemwonyesha Hamisi karatasi ya daktari. Kasoma yote. Amesema Alhamisi atanipeleka mjini, kwa hasira, lakini amesema.

Jumatatu, 22 Septemba

Jicho la kulia limepasuliwa juzi, limefungwa plasta. La kushoto mwezi ujao. Naandika kwa kubahatisha mistari.

Siku ishirini na tisa. Sikuwatarajia. Nimeweka chai ya mtu mmoja. Baada ya alasiri nikasikia ndara za Mama Salima, kisha za wengine. Somoe kaja wa mwisho. Akasimama karibu na bega langu, kulia, upande wenye plasta.

Jua likazama. Tukatazama. Kulikuwa na mawingu membamba, walisema. Tukangoja mpaka mbu wakaanza kutuuma.

Mama Salima akasema, "Mie sijauona." Bi Tatu akasema hajauona. Wakasema wote. Somoe kachelewa, nikadhani ameona kitu. Akasema naye hajauona.

Nikasema mimi pia sijauona.

Nimempa Somoe daftari la baba aandike yeye. Kaandika polepole, akanisomea: Haukuonekana. Tunakamilisha thelathini. Kisha nikaongeza maji kwenye chai.