Kioo Kipya cha Kompyuta Yako

Kaka Shaibu,

Kompyuta yako bado ipo hapa Nachingwea, kwenye chumba kilekile cha mbele ulimofungulia sehemu ya gemu. Naanza na hilo kwa sababu ilibaki kidogo ichukuliwe.

Baada ya arobaini yako wakubwa walikaa kugawa vitu vyako. Mashati yalikwenda kwa binamu wa kule Marambo, baiskeli akapewa Baba Mdogo. Ilipofika kompyuta, nikasema naitaka mimi, na chumba nitaendelea nacho. Baba Mdogo akanitazama. "Mtoto wa kike na magemu, Zuhura? Chumba kile tuweke ufuta." Sikulia. Nilimwambia wewe ndiye uliyenifundisha, na vijana bado wanakuja kugonga mlango. Mama, ambaye tangu tukuzike alikuwa hasemi sana, akasema, "Mwacheni mwanangu ajaribu." Yakaisha.

Lakini kile kioo cha zamani unakijua. Mpira ukipigwa kwa nguvu, picha inapasuka katikati, kichwa cha mchezaji huku, miguu kule. Wateja wakaanza kupungua. Ulipanga kukibadilisha, ugonjwa ukakuwahi.

Nikaifunga kompyuta kwa kanga za Mama, nikapanda nayo basi hadi Ruangwa, kwa muuza vifaa wa karibu na soko. Akaniletea kioo kipana kama mlango. "Chukua hiki dada, vijana watajaa." Nilikitamani, kaka, kinang'aa mno. Kisha nikakumbuka ulivyozoea kusema, "Usitazame ukubwa, tazama mpira unapokimbia." Nikaomba tukichomeke kwenye kompyuta. Mpira ulikimbia ukiacha kivuli nyuma yake. Nikakataa.

Akatoa kingine, kidogo, cha picha mia na arobaini na nne kwa sekunde. Nacho kikapasua picha vilevile. Nusura nirudi nyumbani. Nikaingia kwenye mipangilio kama ulivyonionyesha: kilikuwa kimeachwa kwenye sitini. Nikapandisha. Halafu nikawasha kile ulichokuwa ukikitafuta siku zote, kioo kifuate mwendo wa kompyuta. Ikielemewa nacho kipunguze, ikichangamka nacho kiongeze. Nikacheza mechi nzima nimesimama pale kaunta. Picha haikupasuka hata mara moja. Muuzaji aliacha shughuli zake akaja kutazama, akasema, "Kumbe ndivyo kinavyotakiwa kuwa." Hapo machozi yakanitoka mbele za watu, maana niligeuka nikuonyeshe, na wewe...

Nilijifuta uso, nikakinunua.

Sasa chumba kinajaa. Juzi Baba Mdogo alipita akitoka msikitini, akasimama mlangoni mpaka mechi ikaisha. Akauliza kwa sauti ya chini, "Na mtu mzima anaweza kujifunza?" Nikampa kiti. Alifungwa mabao mengi, akaondoka amenuna. Kesho yake akarudi.

Na mimi nimejiandikisha kwenye mashindano ya Lindi, kwa jina langu mwenyewe. Nasikia sina mwanamke mwenzangu humo. Sawa. Nafanya mazoezi kila siku baada ya alasiri, na vidole vinauma kama wakati wa kubangua korosho. Nikifungwa nitarudi hapa nianze upya, na mlango wa chumba hiki sitaufunga.

Pumzika, kaka yangu. Mama yuko mikononi mwangu, na dua zetu zinakufuata. Ulinifundisha kucheza, kushinda niachie mimi.

Mdogo wako,
Zuhura