Pleyi Iliyolala Kifudifudi

Mujomba Asumani,

Sikuulizi hali, maana ulipo napajua, nimetoka huko asubuhi ya leo. Nakuandikia kwa sababu nimejaa mpaka hapa kooni, na Kasongo nzima hakuna mutu nitakayemwambia akaelewa. Kama huko uliko masengenyo ni haramu, ziba masikio. Mimi mupwa wako Mwavita lazima niseme, na akutukanaye hakuchagulii tusi.

Unakumbuka pleyi yako ya kijivu, ile mashine yetu ya kuchezea mupira kwenye televisheni, iliyokaa juu ya kabati miaka yote kifudifudi, miguu juu kama kuku wa kuuzwa? Swali gani hili, utaisahau vipi. Jicho lake, lile linalosoma diski, lilipochoka, watu wote walisema mashine imekufa, itupwe. Wewe ukaigeuza chini juu, jicho likasogea karibu na diski, ikasoma. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Mwavita, hata muzee ukimulaza upande anaoupenda, atalala." Nilikuwa ndiyo kwanza nafundishwa kushika chuma cha kulehemu, nikaona nimepata mwalimu kichaa.

Basi sikia walichofanya werevu wako. Wakati wa matanga yako, desturi unaijua, kioo kiligeuzwa uso ukutani, viti vikalazwa, magodoro yakashushwa chini. Arubaini ilipoisha, Mama Mukubwa Zaina akasema sasa kila kitu kirudi kilivyokuwa. Mudogo wako Rama akazunguka nyumba nzima anasimamisha vitu, akafika kwa pleyi. "Na hii pia iligeuzwa kwa musiba," akasema, akaisimamisha kwa miguu yake. Mutu aliyeishi nyumba moja nawe! Amekula ugali na sombe yako miaka sita, na hajui pleyi ya kaka yake inalalaje!

Wakatia diski. Ikazunguka, ikakwaruza, televisheni nyeusi. Mama Mukubwa akapiga kelele kwamba imemufuata mwenyewe, na wanawake wakaanza kulia upya kama siku ya kwanza. Kuililia pleyi! Hakuna hata mmoja aliyewaza kuirudisha walivyoikuta.

Mimi sikuwepo. Mvua ilikata barabara ya Kabambare, ninakofanyia ufundi, pikipiki tukaisukuma zaidi kuliko ilivyotubeba, nikafika wiki tatu baada ya arubaini, matope mpaka kwenye nywele. Juu ya kabati nikakuta dude jipya, jeusi, linang'aa. Rama amelileta kutoka Bukavu. Ee Mujomba, ungeliona ungetema mate. Ukiliwasha linaomba intaneti. Intaneti, hapa kwetu, ambako hata simu inashika ikipenda! Linataka jina lako, linataka neno la siri, linataka ruhusa ya watu wasiojua Lualaba iko wapi. Tundu la kutia diski halina. Batiri yetu ya sola linainywa kama mulevi wa lutuku. Nikaligeuza nitafute vise, zile skrubu za kulifungulia, zimefichwa, na nilipozifukua, vichwa vyake havikubali turnevisi yoyote tuliyo nayo. Na vumbi la wiki moja tu limelifanya lingurume kama mashine ya kusaga muhogo. Rama ananiambia kwa kiburi, "Hii ni ya kisasa." Haya, na ikae na usasa wake.

Yako ilikuwa na vise chache za kawaida, mutu anaifungua huku anasalimia wapita njia. Ulitoa ubao wake wa umeme, ukaifunga kwenye batiri ya pikipiki. Ukailehemu ile chipu ndogo ya miguu minane ili ikubali diski zilizonakiliwa za sokoni. Manete yake, ile ya kushika mukononi ukicheza, ina waya wa redio, na mipira ya chini ya vitufe uliikata kwenye kandambili yangu bila kuniuliza, nikaenda nyumbani muguu mmoja mutupu. Imeanguka kutoka kabatini sijui mara ngapi. Mbuzi wa jirani ameikojolea. Iliendelea tu.

Sasa sikia kilichonitoa roho. Uani nilimukuta mutu wa Salamabila, kule migodini, fundi wa dhahabu kwa maneno yake mwenyewe, amekalia kigoda chako, koleo mukononi, pleyi yako mbele yake. Rama ndiye aliyemuita. Eti ndani ya ubao iko dhahabu, waivunje, waichemshe na asidi. Iko, ndiyo, haitoshi kupaka ukucha wa mutoto! Yule bwana akaniambia, "Dada, kitu kilichokufa hakina mwenyewe." Nikamwambia kwamba mutu anayetoka kwenye milima ya dhahabu kuja kukwangua pleyi ya marehemu, basi migodi imemushinda.

Nikaibeba. Rama akanishika mukono, nikamwangalia, akaniachia. Nikaingia nayo ndani, nikaunga waya kwenye batiri na kwenye televisheni, nikatia diski ya mupira, nikafunga kifuniko, nikailaza kifudifudi mbele yao wote. Ikazunguka. Halafu kimya, Mujomba, kimya kirefu cha kunitosha kuogopa. Nilisema moyoni, wameiharibu kweli, na kitu pekee chako kilichokuwa kinapumua kimekwisha. Ndipo ule mulio wake wa kuamka ukatoka. Mama Mukubwa akakaa chini taratibu. Rama akabaki anaangalia vidole vyake. Na ligi yetu ikafunguka, ile tuliyoiacha katikati wewe na mimi, timu yako ile uliyoipa jina la mama yangu, mechi ya tisa, zamu yako kuanza. Nililia mbele ya yule mutu wa Salamabila, na hiyo sitamusamehe.

Nimewatukana wote, amebaki mmoja. Mwaka jana ulinipigia simu ukaniambia, "Mwavita, nitafutie jicho zima, nataka niione imesimama siku moja." Nikakujibu sijapata, labda mwezi ujao. Nilikuwa nalo, Mujomba. Nililitoa kwenye pleyi mbovu niliyoachiwa na muteja Kabambare, nikalificha kwenye kopo, nikasema nitalitia kwenye yangu. Hata kwenye yangu sikulitia. Uliponiuliza tena nikakudanganya tena. Ningelileta, pleyi ingekuwa imesimama kwa miguu yake, na Rama asingekuta cha kugeuza. Wajinga wa nyumba hii ni wengi, lakini wa kwanza ni mimi, na wao angalau hawakukudanganya.

Leo nilikuja kaburini kwako na hilo jicho mufukoni. Nikaona haya kulitoa, nikaondoka.

Bado sijalitia. Jicho lako la zamani linasoma, na ni wewe uliyenifundisha kwamba kinachofanya kazi hakiguswi. Siku likikataa hata kifudifudi, nitalitoa kwa mukono wangu, nitie hili, na pleyi itasimama kama ulivyotaka. Hiyo ni ahadi, na safari hii sisemi mwezi ujao. Tumboni mwake nimeandika kwa rangi nyekundu: INALALA HIVI, MUSIGEUZE. Herufi kubwa, Rama asome bila miwani. Mechi ya tisa sitaicheza, zamu ni yako.

Pale ulipotoa ubao wa umeme pamebaki nafasi tupu, upana wa kiganja. Jicho nimelifunga kwenye kitambaa, barua hii nitaikunja mara nne, vyote viwili vitaingia humo, kisha nafunga vise. Lile dude la Rama halina nafasi hata ya kuficha sindano. Atakayeifungua yako kesho, akiwa fundi wa kweli, atakuta jicho linamungoja, na atajua nani alilichelewesha.

Lala, Mujomba. Upande unaoupenda.

Mupwa wako,
Mwavita