Sauti za Mbali Ulizoniachia

Mama Kavira,

Ni mimi, Furaha wako. Nakuandikia hapa ofisini Mapendo, Goma, kwenye meza yako, ambayo sasa wanasema ni yangu. Bado nakaa upande wa wageni. Espérance ananicheka, anauliza ni shefu gani huyu, kisha ananiletea chai pale pale, kwa sababu anajua kiti kile ni chako.

Sijakueleza bado ile asubuhi ilivyokuwa upande wetu.

Wewe ulikuwa nyumbani kwako, kule Lac Vert, kwa sababu tension, ile presha yako, ilikusumbua na daktari alikukataza kusafiri. Mimi na Espérance tulikuwa hapa. Josué alikuwa Rutshuru, Kahindo alikuwa Butembo. Ulikuwa mkutano wa simu kama mingine yote, tangu vita vilipoanza kufunga njia na wewe ukasema, "Kila mutu abaki kwake, kazi itamufuata." Watu walikushangaa. Masomo ya redio kwa watoto wasio na shule, yaandikwe Rutshuru, yasomwe Butembo, yaunganishwe Goma, na watu wasioonana? Lakini yalitoka, Mama. Kila juma yalitoka.

Tulikuwa tunabishana juu ya somo la kugawanya. Josué alitaka mfano wa maharagwe, Espérance alitaka machungwa. Ukasema, "Mungoje kidogo, nichukue maji." Tukangoja. Simu yako ilibaki wazi, tukawa tunasikia kuku wako uani. Halafu hata kuku wakakatika. Espérance akasema ni mtandao, Mama atarudi tu. Tukaendelea. Tukachagua maharagwe. Tuliagana tukicheka, Mama, na wewe ulikuwa umelala chini jikoni.

Neema, binti yako, ndiye aliyekukuta aliporudi kutoka sokoni. Daktari alituambia ulienda mara moja, kwamba hata mtu angekuwa kando yako asingeweza kitu. Kichwa changu kinakubali. Moyo haujakubali.

Josué na Kahindo hawakuweza kufika kwenye mazishi. Hakukuwa na njia. Neema akaweka simu juu ya kiti, katikati ya wamama, na Kahindo akakuimbia kutoka Butembo. Sauti ilikuwa inakatika, inarudi. Kila ilipokatika wamama walinyamaza, wakamngoja arudi ndipo waendelee na ubeti. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Nilitamani uone.

Kisha direktere akaniita, akasema nichukue nafasi yako. Sikuthubutu kukataa.

Mama, kimya kilianza kunitia wazimu. Mtu akichelewa kujibu, namwona jikoni, chini. Nikawaambia wa mbali waache simu wazi tangu asubuhi hadi jioni. Nikawa napiga, napiga tena. Espérance peke yake ndiye aliyepumzika, kwa kuwa nilikuwa namwona kwa macho. Tukawa tunakubaliana mambo sisi wawili kwenye chai, halafu tunawaarifu wengine yakiwa yameshaamuliwa.

Unamjua Josué, mtu wa maneno machache. Siku moja alisema yote pamoja. "Mama Furaha, unatuchunga kama mbuzi. Na nyinyi wa Mapendo, nasikia muko munacheka, lakini sijui munacheka nini. Nikimaliza masomo haya, naacha."

Nilitaka kumjibu kishefu. Nilifungua mdomo na kilichotoka ni kilio. Nikasema tu, "Mama alisema anaenda kuchukua maji."

Kisha Kahindo, polepole: "Hata mimi. Mutu akinyamaza, nasikia wale kuku."

Ndiyo siku tuliyokulilia pamoja, ekipe yako yote, kila mmoja kwake. Nadhani hatukuwa tumelia bado. Tulikuwa tumefanya kazi tu.

Tulipofuta machozi tukapanga upya. Simu zisikae wazi tena, kila mtu afanye kazi yake kwa amani. Kinachosemwa kwenye chai ni maneno ya chai, hakijaamuliwa mpaka wote wakisikie. Siku ya mkutano Espérance anachukua simu yake na kwenda chumba cha pili, ili sote tuwe sauti tu, sawasawa. Alinung'unika: "Tuko nyumba moja, tutaongea kwa simu kama vichaa?" Lakini alienda. Na kila mmoja akataja jirani anayeweza kukimbilia mlangoni kwake. Josué akasema atabaki kwanza, tutaona.

Halafu ikaja siku ya Kahindo. Alikuwa anatusomea somo, sauti imechoka, akatuambia ni baridi tu. Katikati ya sentensi akanyamaza. Nikamwita. Safari hii hakuna aliyesema ni mtandao. Nikampigia jirani yake, Mama Masika, fundi wa nguo, akatoka mbio na utepe wake wa kupimia shingoni. Alimkuta Kahindo chini kando ya kitanda, mwili moto kama jiko. Malaria. Wakampakia kwenye pikipiki, Mama Masika nyuma akimshikilia, wakaenda hospitali.

Sisi watatu tulibaki kwenye simu. Josué alisema, "Tusikate." Hatukukata. Nilikuwa nasikia Josué anapumua kule Rutshuru, na Espérance anasali nyuma ya ukuta.

Mwishowe Mama Masika akapiga. "Amefungua macho. Anauliza kama mumelirekodi lile somo." Tukacheka mpaka tukalia, na Josué alicheka kuliko sote.

Nikashika simu kukupigia. Mama, sikufikiri. Jina lako liko juu ya jina la Mama Masika, kidole kilikuwa tayari pale. Nilitaka usikie kutoka kwangu kabla mwingine hajakuambia. Ndipo nikakumbuka. Nikaweka simu chini, nikatoka nje, nikasimama tu uani kwenye mawe yale meusi ya volkano.

Kwa nini hatukuwa na namba ya jirani yako hata mmoja? Najua daktari alivyosema. Nauliza tu. Nadhani nitauliza mpaka nizeeke.

Kahindo amepona, amerudi kusoma. Josué haongei tena habari ya kuacha. Juzi, baada ya mkutano, wengine wakiwa wameshaaga, alibaki kwenye simu. Nikajua kuna kitu. Akaniuliza, "Mama alikuwa murefu?"

Sikuwa nimefikiria hilo hata siku moja. Ulimpa kazi kwa simu, ukamfundisha kwa simu, ukamgombeza na kumbariki mtoto wake kwa simu. Hajawahi kukuona. Nikamwambia ulikuwa mfupi, ulinifikia begani. Akakaa kimya, na kile kimya hakikunitisha.

Akasema, "Mimi nilikuwa namuona murefu sana."

Njia ikifunguka nitawaleta, yeye na Kahindo, wasimame mbele ya kaburi lako. Nakuahidi. Na hawa watu ulioniachia nitawashika, Mama, wa karibu na wa mbali, hata wale ambao sitawaona kamwe.

Pumzika sasa. Kwaheri, Mama yangu mrefu.

Furaha